Madam na Msiba wa Shishiyu

Usiniulize habari za Madam kabla sijanywa chai. Nitakujibu vibaya, na utaondoka ukisema Maduhu fundi wa mageti hana adabu. Adabu ninayo. Ila mtu aliyesababisha ukavunjika mguu, akakunyima neno moja tu la kukiri, kisha akawa anapita mbele ya karakana yako kila wiki akikupungia mkono na kofia yake ya majani kichwani, mtu huyo hata ukiambiwa umsifu utaanza kwa kusaga meno.

Basi nitaanza hivyo hivyo. Madam alikuwa mwalimu wangu wa Jiografia hapa Bariadi. Jina analo, lakini mimi sijawahi kulitumia na leo sitaanza. Walimu wa kike shuleni walikuwa kadhaa, na kila mmoja tulimwita Madam pamoja na jina lake. Yeye aliitwa Madam basi, na kila mtu alielewa. Ndiye aliyenifundisha kupanda miamba kwa kamba na kulala kwenye hema mahali ambapo hakuna mtu wala nyumba ya mtu. Ndiye pia aliyenifanya nilale chini ya mwamba mchana kutwa na mfupa umechomoza, kwa sababu hakutaka watu wajue tuko wapi. Tangu hapo nilichotaka kwake ni sentensi moja: "Maduhu, nilikukosea." Pole amenipa, tena pole za kujaza gunia. Lakini pole anapewa hata mtu aliyejikwaa njiani, hata aliyetoka kazini akiwa mzima wa afya. Mimi nilitaka akiri.

Madam alichukia watu. Hapana, nimesema vibaya. Alichukia watu wakiwa wengi. Mmoja mmoja aliwapenda kupita kiasi. Darasani tulibanana kama magunia ya pamba ghalani, na yeye alifundisha akitazama dirisha, saa nzima, milima ya kukunjamana na mito ya chini ya ardhi, wala hageuki. Kwenye harusi za walimu wenzake alifika mapema kabla ya muziki, akampa bibi harusi mkono, akapotea. Ukimtafuta utamkuta nyuma ya ukumbi anaongea na mpishi.

Lakini umkute njiani na mchungaji mmoja tu! Tulikuwa tukienda na pikipiki mbili, jua linatupiga utosini, tunamwona mzee na ng'ombe zake kwa mbali, na moyo wangu unashuka, maana najua kinachofuata. Madam anashuka. "Mwadila!" Mzee anaitikia salamu hiyo ya Kisukuma. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za dume lile jekundu lililokuwa na kidonda. Dume limekufa? Jamani, lilikufaje? Mimi na mwenzangu Jilala tunaungua kwenye viti vya pikipiki kama mihogo. Wakishamaliza, wameshikana mikono kwa furaha, Madam anapanda na kuninong'oneza, "Washa, twende upesi, asije akatufuata."

Hasira yangu ilianzia hapo, kama unataka kujua. Mtu anayekuamkia vile, kwa nini umkimbie?

Mimi aliniingiza kwenye kundi lake kwa makosa. Nyuma ya shule kulikuwa na jiwe kubwa, na Jumamosi aliwachukua wanafunzi wachache akawafundisha kuweka mguu, kutafuta pa kushika, kumwamini mtu aliyeshika kamba chini. Alichagua wale aliodhani ni wakimya. Wiki ile mimi nilikuwa nimenuna tu, nimegombana na kaka yangu kuhusu shati. Akanitazama akasema, "Wewe hupigi kelele. Njoo." Nilipokuja kufungua mdomo alikuwa ameshanizoea.

Wengi waliacha walipomaliza shule. Tulibaki mimi na Jilala, ambaye alikuwa anauza vipuri vya baiskeli sokoni. Kila mwaka, pamba ikishauzwa na majani yakishakauka, tulienda naye. Na hapo kwenye kupanga safari ndipo ungemwona Madam hasa alivyo.

Alikuja karakanani kwangu jioni, akachukua bati jipya nililokuwa nimenunua kwa kazi ya mteja, akachora mwamba juu yake kwa chaki. Bati la mteja! Nikisema, haniangalii. Anachora ufa huu, ukingo ule, mti uliojishikiza pale. Halafu anaanza kutuuliza kama tumerudi kidato cha pili. Jua la mchana linapiga upande gani? Nyuki wako wapi? Ukiwakuta umeshafika juu, unateremkia wapi? Maji tunapata wapi kama ng'ombe wameshayavuruga? Usipojua, anafuta chaki kwa kiganja na kuanza upya. Chakula alipanga mwenyewe: viazi vikavu vya michembe na matobolwa, unga, dagaa wa kutoka Lamadi waliokaushwa vizuri, chumvi, na majani ya chai. Nyama hapana, kwa sababu harufu inaita fisi. "Na watu," aliongeza, na nikaona anavyolitamka hilo la pili kwa hofu zaidi.

Kamba alikuwa nazo mbili, alizoachiwa na mtafiti mmoja wa mawe. Alizifua kwa mikono yake, akazianika kivulini, akazihifadhi chini ya kitanda. Ukikanyaga kamba ya Madam, hata kama una ndevu, unachapwa kofi la mgongo. Kila mwaka kabla ya safari alitufunga kiunoni na kutuning'iniza kwenye boriti ya karakana yangu, mmoja mmoja, mbele ya wateja, apime kama mikanda bado inashika. Kuna mama aliyekuja kuchukua dirisha lake akanikuta nabembea hewani, akaondoka na kumpa kazi fundi mwingine.

Mwamba wenyewe hakuutaja. Aliuita "Kule" tu. Tunaenda Kule. Kule mwaka huu kutakuwa na upepo. Ulikuwa mbali, ng'ambo ya Bukundi, upande wa Meatu ambako vijiji vinaachana na unaweza kukaa mchana mzima usisikie hata shoka. Alichagua siku ambazo watu wana shughuli kwingine. Mara nyingi ilikuwa wakati wa Nane Nane, mji mzima umehamia viwanjani Nyakabindi kutazama matrekta. "Waache waende wakakanyagane," alisema. Na kauli yake kwetu siku ya kuondoka ilikuwa moja: "Fungeni kamba, fungeni mdomo."

Sasa ngoja nimpe haki yake, nisije nikaonekana mchawi. Kule kulikuwa kuzuri. Jamani, kulikuwa kuzuri mpaka leo nikikumbuka natukana. Asubuhi jiwe bado baridi, pimbi wanachungulia kutoka mapangoni, unaweka kiganja na kusukuma mwili juu, na unasikia sauti ya Madam chini ikisema polepole, "Mguu wa kulia. Una nafasi. Usiogope." Mwambani hakuwahi kuniambia upesi. Ukifika juu unaona nchi yote imelala, vichaka na njia za ng'ombe, na hakuna mtu anayekuita kwa ajili ya geti lake. Jioni tukiwa watatu tu mbele ya moto, yule mwanamke asiyependa kelele aliongea mpaka ugali ukapoa. Alituigiza mkuu wa shule anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Alicheka mpaka akalala chali. Nilimpenda Madam, ndiyo. Ningekuwa sikumpenda, mguu huu ungekuwa umeshaacha kuniuma.

Kosa lake lilikuwa hili: alipanga kila kitu, akapanga mpaka nani atakunywa maji ya mwisho, ila hakupanga nani atajua kama tumekwama. Hakutaka hata mtu mmoja ajue. Kila mwaka alitunga uongo wa kuondokea. Mwaka mmoja alikuwa na semina Shinyanga. Mwaka mwingine jino. Mwaka mwingine harusi ya mpwa wake, na akarudi shuleni bila hata picha ya bibi harusi. Hakuna aliyemuuliza, maana walimu walishamzoea.

Mwaka ule aliishiwa uongo, akachukua msiba.

Alikuja nyumbani kwetu kumwona mama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga mzigo wangu, nikamsikia. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, sauti ameishusha.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwalimu. Mbona hivyo? Kuna nini?"

"Nimefiwa. Shangazi yangu, kule Shishiyu. Nakuomba Maduhu anisindikize, maana mimi sina mtu."

"Jamani! Jamani, pole, mwanangu. Alikuwa anaumwa?"

"Tumbo," alisema Madam. Tumbo! Shangazi ambaye hajawahi kuzaliwa, na tayari ana tumbo.

Mama yangu alilia. Si machozi ya adabu, alilia kweli, kwa sababu na yeye shangazi yake aliyemlea alikufa hivyo hivyo. Tulipofika barabarani nilimgeukia Madam, nimevimba. Nikamwambia hilo si jambo la kuchezea. Akafunga kofia yake chini ya kidevu. "Mama yako angekuruhusu ukaning'inie kwenye majabali? Hangekuruhusu. Na msiba una faida yake, hakuna mtu anayeukimbilia. Watatuacha wenyewe."

Sikia mtu huyo! Alikuwa amewakimbia watu kwa muda mrefu mpaka hajui tena wanavyofanya. Huku kwetu ukitaka usifuatwe, sema una deni, sema una upele, sema umeokoka na unatafuta wa kuwahubiria. Usiseme una msiba. Tulipokuwa bado hatujafika hata nusu ya njia ya Meatu, mama yangu alishapita nyumba kwa nyumba kwa wanawake wa jumuiya yake. Mwalimu aliyewafundisha watoto wao amefiwa, naye hana ndugu hapa mjini. Wakachanga unga. Wakachanga maharage. Wakafunga kuni. Wakamchukua jirani yetu mwenye kenta, gari pekee mtaani kwetu ambalo halikatai safari mbaya, na asubuhi iliyofuata wakapanda wote wakaelekea Shishiyu, wanaimba.

Na asubuhi hiyo hiyo, upande mwingine kabisa wa mkoa, mimi nilianguka.

Sitaki kueleza sana. Nilishika ukingo ambao tumeushika miaka yote, na mwaka ule ukang'oka. Kamba ilinidaka, na hilo nalisema hata mbele ya hakimu. Lakini kabla haijanidaka nilikuwa nimeshagonga rafu ya jiwe kwa mguu wa kushoto, na nilisikia mlio ambao mpaka leo nikivunja kuni nageuza uso. Madam alinishusha. Alinishusha taratibu kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa, hakunitikisa hata mara moja. Nilipofika chini mfupa ulikuwa nje.

Simu chini hazikushika, na mguu ule usingepanda pikipiki. Jilala akasema, "Tupige mwano."

Mwano ni ule ukelele mrefu wa hatari. Ukipigwa, anayekamua anaacha ndoo, anayekula anaacha ugali, kila mwenye miguu anatoka na rungu lake na kukimbilia sauti. Usipotoka, sungusungu watakuja kukuuliza ulikuwa wapi. Hakuna kitu kinachokusanya watu haraka kuliko hicho.

"Usithubutu," Madam akasema. "Panda juu ukatafute mtandao. Mpigie yule mwenye kenta, aje kimya kimya."

Mtu mfupa wake uko nje, na yeye anataka kimya kimya! Jilala akapanda kwa njia ya nyuma. Nikabaki na Madam. Akanifunga mguu kwa kanga yake, ile ya msiba, akanipa maji, akaniwekea kofia yake usoni. Halafu, na hili ndilo nikilikumbuka nashindwa kukaa kitini, akaanza kukunja kamba. Nalia, nang'ata kola ya shati, na ninamwona anaikunja, pindo juu ya pindo, anapangusa vumbi. Baadaye alisema mikono ilikuwa inatetemeka na alihitaji kuipa kazi. Inawezekana. Mimi niliona kamba inahudumiwa kwanza.

Jilala alirudi na sura ambayo sijaiona tena kwa mtu. Simu ilikuwa imeshika.

"Umempata?" Madam akauliza.

"Nimempata. Yuko Shishiyu." Jilala alikuwa anahema. "Yuko na akina mama wote. Wamekwenda msibani kwako, Madam. Wamezunguka kijiji kizima wanauliza nyumba ya shangazi yako, hawaioni. Ananiuliza mimi, ninyi mko nyumba ipi?"

Madam alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu yeye. Gari lingekuwa mtaani, lingekuja. Halikuwa mtaani, kwa sababu ya tumbo la yule shangazi. Jua lilikuwa limeshapita utosini na nzi walikuwa wameshanijua. Jilala akamwangalia, akaniangalia, akapanda juu ya jiwe, akaweka viganja mdomoni na kupiga mwano. Madam alisema, "Jilala, acha!" Jilala akapiga tena kwa nguvu zaidi.

Kule kulikokuwa hakuna mtu, walikuja watu ambao sijui walikuwa wanakaa wapi. Vichaka vyote vilitoa mtu. Wachungaji, wanawake na jembe, mzee mwenye upinde, vijana wenye marungu, wanakimbia na kuitikiana.

"Wezi wako wapi?"

"Hakuna wezi," Jilala akasema. "Kuna mguu."

Wakaona kamba, vyuma vya kufungia kamba na hema. Wakaona mwanamke wa mjini amevaa suruali. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mnatafuta rupia za Mjerumani?" Maana huku watu wanaamini Wajerumani walifukia hela kwenye miamba, na wapo waliokuja usiku kuchimba na kuacha makaburi ya wenyeji wazi. Kijana mmoja mnene akainua rungu juu ya kichwa cha Madam. Nilimwona Madam anafumba macho. Hapo mama mmoja mtu mzima akaninyanyua kichwa, akautazama mguu, akasema kwa ukali, "Wewe, weka hilo rungu. Mtoto wa watu anakufa, unauliza rupia?"

Wakakata miti miwili. Wakachukua hema wakalipasua kwa panga ili wapitishe miti. Madam akasema, "Hilo hema!" Wallahi alisema. Yule mama akamgeukia akamtazama tu, na Madam akanyamaza. Wakanibeba. Walibadilishana mabegani bila kuambiana, na waliimba ili hatua zao zilingane, mpaka barabarani, na wakasimamisha gari la mbao, wakashusha mbao wakaniweka. Sikujua jina la hata mmoja wao. Niliwashukuru, wabeja, wabeja, mpaka sauti ikakata. Wale ndio watu tuliokuwa tunawakimbia kila mwaka na michembe yetu.

Mama alinikuta hospitali. Alikuwa bado amevaa kanga ya msibani. Walikuwa wamechekwa Shishiyu, wameitwa wazururaji, na mtu mmoja aliwaambia kama wana unga wa ziada wampe yeye, naye atakufa wapate wa kumlilia. Madam alikuwa amesimama karibu na kitanda changu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama hakupiga kelele.

"Mwalimu," alisema, "nilimlilia shangazi yako."

Madam alisema, "Pole, mayu." Pole! Akageuka akatazama dirisha.

Mguu ulipona kwa namna yake, umepungua urefu, na mimi natembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili. Kupanda kumekwisha. Kila Jumapili alikuja na maziwa mgando, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza nimelalaje. Siku moja nilimwambia sema umekosa. Akasema, "Ulimwona yule mwenye rungu? Ndicho nilichokuwa naogopa. Wangeweza kutuua sote."

"Yule mwenye rungu," nikamwambia, "alinibeba begani mpaka barabarani."

"Kwa sababu yule mama alimzuia."

"Na yule mama alitoka wapi? Si aliitwa na mwano?"

Akasema pole. Nikatupa dumu la maziwa ukutani. Aliinama, akapangusa sakafu yote kwa tambara, akaliosha, akaaga. Jumapili iliyofuata akaja na dumu jingine. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Angekuwa mbaya ningepumzika. Aliwasaidia watoto wa mtaa wetu kujiandaa na mitihani, barazani kwake, mmoja mmoja. Mama alishamsamehe, na wakawa wanapeana mbegu za mchicha. Mimi ndiye niliyekataa. Nikaacha kumwitikia. Miaka ikapita hivyo, yeye anapunga mkono, mimi nashusha kioo cha kuchomelea usoni.

Kiangazi hiki alikuja karakanani. Amestaafu, nywele zote nyeupe, ameshuka mabega. Mkoba mkubwa mgongoni na kamba juu yake. Jilala alishahamia Geita kwenye machimbo. Nilikuwa nachomelea, nikamwacha asimame na cheche. Hakuondoka, mpaka nikazima mashine.

"Naenda Kule," akasema. "Peke yangu. Huenda ikawa mara ya mwisho, magoti yamekataa. Nataka mtu mmoja ajue."

Akakitaja kijiji. Akautaja mlima kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Akasema atapandia upande gani, hema litakuwa wapi, maji wapi, na kwamba Jumatano atakuwa amerudi. Asiporudi, niwaite watu.

Wewe, nilipandwa na hasira. "Mtu mmoja?" nikamwambia. "Bado unataka mtu mmoja? Mimi mwenye mguu huu ndiye nikukimbilie?"

"Maduhu, usipige kelele."

"Napiga!"

Nikatoka nje nikichechemea. Jirani na karakana kuna mashine ya kusaga, na siku hiyo foleni ilikuwa imezunguka mpaka barabarani, akina mama na ndoo zao za mahindi, bodaboda wanasubiri abiria, wazee wanacheza drafti. Nikapanda kwenye kizingiti. Nikataja kijiji, nikataja mlima, nikataja upande. "Madam anaenda huko kupanda mwamba peke yake na umri wake! Jumatano akiwa hajarudi, kila mwenye gari atoe gari, na mwenye miguu atoe miguu. Mmesikia?"

Madam alikuwa amenifuata. "Nyamaza, wewe mtoto," alikuwa anasema, "nyamaza," na uso wake umeiva. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, watu wote wameshageuka. Akina mama wengi pale walikuwemo kwenye kenta mwaka ule. Mmoja wao akaweka ndoo chini, mikono kiunoni.

"Na safari hii, Madam," akauliza, "ni msiba wa nani?"

Walicheka. Foleni nzima ilicheka, mpaka bodaboda. Nilidhani ataondoka. Mkono wake ulikuwa umeshika mkanda wa mkoba kwa nguvu, na nilimwona anatafuta pa kupitia. Pa kupitia palikuwapo. Hakupita.

"Hakuna msiba," akasema. Sauti ilikuwa ile ya darasani, lakini safari hii anawaangalia. "Hata ule haukuwepo. Niliutunga ili msinifuate. Mkaacha kazi zenu mkaenda kunililia, na huyu akavunjika, na gari la kumchukua liko kwa shangazi ambaye hayupo. Halafu nikamzuia mwenzake asiwaite watu." Akanigeukia. "Maduhu, nilikukosea. Nilikukosea siku ile, na nimekukosea kila Jumapili niliyokaa pale nisiseme."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo kwa miaka. Nilishaifanyia mazoezi kitandani, nitakavyonyamaza kwanza, nitakavyotikisa kichwa. Nilidhani ikifika, kitu kitashuka kifuani kama mzigo unaotuliwa. Wapi! Nilisimama pale kwenye kizingiti mguu unauma, na hasira iko pale pale, nzima, imekaa.

"Bado nina hasira na wewe," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akapandisha mkoba wake begani, mama mmoja akamsaidia kuuweka sawa. "Nikirudi Jumatano, utaendelea."

Jumatano sikufungua karakana. Nilitoa kiti nikakaa kando ya barabara, na kila aliyepita aliniuliza kama amerudi, na kila aliyeniuliza nilimfokea. Mwenye kenta alikuja mwenyewe akaegesha karibu yangu, akazima injini. Jua lilianza kushuka. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika bila kuitwa, na mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshika ubavu wa gari, nilipoiona pikipiki inakuja na kofia ya majani nyuma ya dereva.

Alishuka polepole, midomo imekauka, viatu ameshika mkononi. Akatutazama sisi sote, umati wote ule, akasema, "Mwadila."

Wote wakaitikia. Nikamsogezea kiti akae, nikampa maji akanywa, nikangoja ameze. Halafu nikaendelea.